Nyumba za miji ya kale: tuache kununua kwa jina la kukopa

Mzigo wa bidhaa za Afrika Mashariki usiozidi thamani ya dola 2,000 huvuka Namanga, Busia au Mutukula kwa karatasi moja, cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Karatasi hiyo haikumaliza kero zote za mpakani, lakini angalau mama wa maharage anajua haki yake kabla hajafika kwenye dirisha la forodha. Sasa mfikirie mama huyo huyo miaka kumi baadaye. Biashara imekua, ana akiba ya dola 40,000, na anataka nyumba ya kuuzia chini na kulala juu katika Mji Mkongwe wa Unguja, Mji wa Kale wa Mombasa au Lamu. Hapo hana karatasi. Ana dalali, na dalali ana simu mbili na haraka.

Si ajabu mfanyabiashara kuvutiwa na nyumba hizi. Zilijengwa na watu wa kazi yake. Duka liko mbele, ghala nyuma, familia ghorofani, na baraza nje kwa ajili ya mteja anayetaka kupumzika kabla ya kupatana bei. Ziko pale soko lilipo: Darajani iko ukingoni mwa Mji Mkongwe, na Marikiti, mtaa wa Biashara na Bandari ya Kale vyote unavifikia kwa miguu ukiwa Mji wa Kale wa Mombasa. Gari halipiti katika vichochoro vingi, lakini mkokoteni unapita, na kwa mtu wa vitenge, viungo au vipuri vya simu hilo linatosha. Isitoshe, bei ya kuanzia ya nyumba iliyochakaa huonekana ndogo ukiilinganisha na fremu mpya ya duka katikati ya jiji.

Rai yangu kwa mfanyabiashara wa kuvuka mpaka ni hii: usinunue. Kodi. Kodi kwa miaka mingi, kwa mkataba ulioandikwa na kusajiliwa, wenye kipengele cha matengenezo. Na kwa wakubwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walioko Arusha rai yangu ni kwamba waache kusubiri siku ambayo sheria za ardhi za nchi nane zitafanana. Siku hiyo haipo kwenye kalenda ya mtu yeyote. Washughulikie mkataba huo mmoja wa kukodi.

Tuanze na hiyo Jumuiya yenyewe, kwa sababu madalali wengi huuza nyumba kwa jina lake. "Siku hizi sisi ni soko moja," huambiwa mteja, "Mkenya, Mtanzania, Mganda, wote sawa." Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Inazungumzia uhuru wa kupitisha bidhaa, watu, wafanyakazi, huduma na mitaji, pamoja na haki ya kuanzisha biashara na haki ya ukaazi. Lakini Ibara ya 15 ya itifaki hiyo hiyo inasema upatikanaji na matumizi ya ardhi na majengo vitaongozwa na sera na sheria za kila nchi. Kwa maneno mengine, duka lako limevuka mpaka ila kiwanja kimebaki upande wake. Hiyo haikuwa bahati mbaya ya uandishi. Nchi zilikaa zikaamua hivyo kwa makusudi, na anayekwambia vinginevyo ama hajaisoma au anataka kamisheni yake leo.

Sheria za kila nchi zinasemaje? Nchini Kenya, Ibara ya 65 ya Katiba ya 2010 inamruhusu asiye raia kushika ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Hata akiuziwa hati inayosema umiliki ni wa milele, sheria inaihesabu kuwa ni ya kukodi. Wengine hudhani wataliruka hilo kwa kufungua kampuni Mombasa. Katiba imewatangulia: kampuni huhesabiwa raia ikiwa inamilikiwa yote, si nusu wala robo tatu, na raia. Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kupitia utaratibu maalumu. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, kwa sababu ardhi si jambo la Muungano. Ardhi yote huko ni mali ya umma, na haki ya kuitumia hupewa Mzanzibari. Mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye kitambulisho cha taifa hushangaa akiambiwa hivyo mbele ya mlango wa nakshi ambao tayari ameshautolea arubuni.

Uganda, asiye raia hukodi, na ukomo ni miaka 99. Kongo, kwa sheria ya 1973, ardhi ni ya dola, na haki ya kuitumia bila ukomo wa muda ni ya Mkongomani. Mgeni hupewa haki ya miaka 25 inayoweza kuongezwa. Ukizipanga sheria hizi mezani, unaona jambo ambalo wanasiasa wetu hawalisemi. Tunapenda kulalamika kwamba nchi zetu hazikubaliani kuhusu ardhi, kumbe kwa sehemu kubwa zinakubaliana: jirani si mmiliki, jirani ni mpangaji. Tofauti iko kwenye muda, kwenye ofisi, na kwenye ukubwa wa shida utakayoipata ukitaka kulisajili pango lako.

Kwa kuwa njia ya halali haijulikani, watu wametengeneza njia ya pembeni. Unamtafuta mwenyeji. Anaweza kuwa mke, shemeji, mshirika wa biashara, au kijana aliyekuwa akikubebea mizigo. Nyumba inaandikwa kwa jina lake, pesa zinakuwa zako, na mnaandikiana karatasi nyingine ya siri kwamba yeye ni mwenye jina tu. Wengi wenu mnaosoma hapa mnamjua mtu aliyefanya hivyo. Huenda mambo yakaenda vizuri kwa miaka. Kisha mwenye jina anafariki, na warithi wake wanaona kwenye daftari la msajili kwamba marehemu aliacha nyumba ya ghorofa mbili. Au anaoa mke wa pili. Au anachukua mkopo na kuiweka nyumba rehani. Au anakasirika tu. Ukienda mahakamani na ile karatasi ya siri, unakuwa umebeba mkononi ushahidi kwamba mlipanga kuikwepa sheria ya nchi, na mahakama haiko pale kuwasaidia watu wa namna hiyo wagawane. Hata mwenye jina akiwa mwaminifu kama nabii, mke au mume wake ana sauti: sheria za Kenya na za Tanzania Bara zinataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijauzwa au kuwekwa rehani. Siku utakapotaka kuuza utakuwa unaomba idhini ya mtu ambaye hata hukuwahi kukaa naye chai.

Haya ni matatizo ya mgeni. Nyumba yenyewe ina matatizo yake, na hayo hayachagui uraia.

La kwanza, Mombasa, ni kwamba nyumba na ardhi vinaweza kuwa na wenye wawili. Mtu ana nyumba. Ardhi iliyo chini yake ni ya familia nyingine, na mwenye nyumba huilipa kodi ya ardhi. Watu wa pwani wanalijua hili tangu enzi za babu zao na wala haliwashangazi. Mtu wa Kampala, Kigali au Arusha likimfikia humpiga kama radi, kwa sababu kwao anayenunua nyumba amenunua na inapokaa. Dalali anaweza kukuonyesha karatasi halali kabisa ya mauzo ya nyumba, yenye sahihi na mashahidi, na isiwepo hata senti ya uongo ndani yake. Ni wewe tu hukuuliza: "Na ardhi?" Mwenye ardhi akiamua kuiuza kwa mwekezaji, utabaki na kuta na mlango.

La pili ni warithi. Nyumba nyingi za miji hii ziliachwa na wazee bila kugawanywa. Kwa mirathi ya Kiislamu kila mrithi ana fungu lake, mke, mabinti, wana wa kiume, wakati mwingine ndugu, na mrithi akifa kabla ya mgao fungu lake hugawanyika tena kwa watoto wake. Baada ya vizazi vitatu unaweza kuwa na nyumba ya vyumba sita na wenye haki thelathini, mmoja Tanga, watatu Muscat, wawili Dubai, mwingine London au Toronto. Anayekuuzia ni yule aliyebaki na funguo, na kubaki na funguo si kuwa msimamizi wa mirathi. Msimamizi ana waraka wa mahakama, iwe ya kadhi au ya kawaida, na ndio huo unaopaswa kuuona, nakala iliyothibitishwa, kabla hujafungua mkoba.

Unguja ina tabaka jingine juu ya hilo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali, wenyewe wakiwa wameondoka au wakinyang'anywa. Baadhi ziliuzwa baadaye kwa watu binafsi, nyingine hadi leo ni za serikali na wanaoishi ndani ni wapangaji. Mpangaji wa serikali wa miaka arobaini huongea kama mwenye nyumba, na kwa hisia ni mwenye nyumba kweli. Hana cha kukuuzia. Halafu kuna wakfu, ambazo ziko Unguja, Mombasa na Lamu pia: nyumba iliyowekwa na mtu wa zamani ili mapato yake yahudumie msikiti, madrasa au kizazi chake. Wakfu hauuzwi. Hukodishwa, na wenye kukodisha ni kamisheni ya wakfu au mutawalii anayetambulika. Naomba hilo la wakfu ulikumbuke, kwa sababu nitalirudia.

La tatu ni hifadhi, na hapa ndipo bei ndogo inapopata maelezo yake. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa Lamu mwaka 2001. Lakini si UNESCO itakayokusimamisha fundi wako. Atakayekusimamisha ni Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, au kwa Kenya ofisi za Makumbusho ya Taifa na serikali ya kaunti, kwa mujibu wa sheria za nchi. Kibali kinatakiwa kabla ya kubomoa, kuongeza ghorofa, kutoboa dirisha la duka, kubadilisha roshani, hata kubadilisha lipu ya nje. Mlango wa nakshi hauwi wako kwa namna kiti kinavyokuwa chako. Ukiung'oa ukaupakia kwenye lori kuelekea Nairobi kumuuzia mwenye hoteli, umeingia kwenye kesi.

Wafanyabiashara wengi huona vibali hivi ni urasimu wa kutafutia chai. Chai ipo, sikatai. Lakini sababu ya msingi iko ndani ya ukuta. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari ni boriti za mikoko zilizobeba mawe na chokaa juu yake. Boriti hizo zilitoka Rufiji na Lamu, zikauzwa hadi Ghuba, na ndiyo sababu vyumba vya zamani, vya Unguja na vya Ghuba, ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Chokaa hupumua. Maji ya mvua na unyevu wa chini huingia na kutoka. Ukiupaka ukuta huo saruji, kama mafundi wengi wa leo wanavyokimbilia kufanya, unyevu unafungiwa ndani. Chumvi inasukuma lipu inabanduka, ncha za boriti zilizolala ndani ya ukuta zinaoza kimya kimya, na chumba kinachoonekana kipya kwa rangi yake kinaanza kulegea dari. Kisha wewe unapandisha ghorofani marobota mia ya mitumba.

Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883 na lililokuwa fahari ya Forodhani, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Hilo lilikuwa jengo maarufu kuliko yote, lenye macho ya serikali na wahisani. Nyumba ya kichochoroni uliyoonyeshwa na dalali jioni, taa ikiwa imezimika, haina macho ya mtu. Kwa hiyo bei unayotajiwa ni sehemu tu ya bei. Sehemu ya pili ni chokaa, boriti, fundi anayezijua kazi hizo, na muda wa kusubiri kibali ambao duka halifunguliwi. Mwenyeji anayeijua nyumba huipunguza bei kwa sababu hiyo. Mgeni hudhani amepata bahati.

Sasa nirudi kwenye wakfu. Kwa nini baadhi ya nyumba za wakfu zimebaki zikiwa na watu na duka chini kwa vizazi vingi, wakati majumba ya watu binafsi jirani yake yamegeuka magofu au hoteli? Sisemi wakfu zote zinatunzwa vizuri. Nyingine zina hali ya kusikitisha na kodi yake haitoshi kununua hata ndoo ya chokaa. Lakini wazo lenyewe ni zuri: nyumba haihami mikono, wanaohama ni wapangaji, na mapato yana kazi. Mfanyabiashara wa kuvuka mpaka anahitaji kitu cha namna hiyo hiyo. Hahitaji kuwa mmiliki wa matumbawe. Anahitaji uhakika kwamba kwa miaka kumi na tano au ishirini hatatolewa, kwamba atakachotengeneza kitahesabiwa, na kwamba akifa watoto wake wataumaliza muda uliobaki au kuuhamishia kwa mwingine kwa bei.

Mkataba wa namna hiyo unaandikika leo bila sheria mpya. Mwenye nyumba anayeshindwa kuitengeneza anaikodisha kwa miaka ishirini. Mpangaji anaitengeneza kwa kibali cha mamlaka ya hifadhi, kwa vifaa vilivyotajwa, na gharama iliyokaguliwa inakatwa kwenye kodi ya miaka ya mwanzo. Mkataba unataja nani anashughulika na paa na nani na mabomba, unasema utawabana warithi na yeyote atakayeinunua nyumba, na unapelekwa kwa msajili. Hilo la mwisho ndilo watu hulikimbia kwa kuogopa ushuru. Mkataba wa miaka mingi ambao haukusajiliwa ni barua ya mapenzi tu. Nyumba ikiuzwa, mwenye nyumba mpya hana haja ya kuisoma.

Kwa pango fupi la duka, Kenya ina kinga ambayo wageni wengi hawaijui. Sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli inalinda pango lisilo na maandishi au lenye muda usiozidi miaka mitano: mwenye nyumba hawezi kukufukuza wala kukupandishia kodi kwa neno la mdomo. Lazima atoe notisi kwa namna iliyowekwa na sheria, na wewe unaweza kwenda kwenye baraza la usuluhishi wa pango za biashara. Mtu mwenye kibanda cha kukodi Marikiti anaweza kuwa salama kuliko mwenye "nyumba yake" iliyoandikwa kwa jina la shemeji mtaa wa pili.

Najua wapo watakaosema namtetea anayetubagua. Kwamba kama Jumuiya ni moja kweli, basi Mganda anunue Lamu kama anavyonunua Mlamu. Siungi mkono. Nenda Shela, jirani tu na mji wa Lamu, uone nyumba ngapi zimeishia mikononi mwa watu wa mbali wanaokuja wiki chache kwa mwaka. Zimetengenezwa kwa uzuri ambao wenyeji wasingeumudu, hilo ni kweli na tuliseme. Lakini kijana wa pale akitaka kuoa hana nyumba ya kununua kwa bei ile. Mji Mkongwe nao unakwenda huko kwa hoteli. Nchi zetu zina sababu ya kuogopa soko la ardhi lililo wazi kabisa, na mji mdogo wenye nyumba zisizoweza kuongezwa una sababu zaidi. Ninachokataa ni hofu hiyo kumwangukia muuza vitenge anayetaka kuishi na kufanya kazi pale, huku mwenye mtaji wa hoteli akipitia mlango wa uwekezaji na kupokewa kwa maua. Kama lengo la hifadhi ni mji ulio hai, basi mpangaji anayefungua duka saa mbili asubuhi kila siku analitumikia lengo hilo kuliko kitanda cha mgeni. Mamlaka za hifadhi zinapaswa kumtafuta. Badala yake zinamsubiri akosee ili zimwandikie notisi.

Na kwa wenye nyumba, maana wasomaji wa gazeti hili wamo na wao, warithi wenye fungu Mombasa au Unguja: mkinung'unika kwamba anayekuja na pesa ni mwenye hoteli peke yake, ni kwa sababu mnataka kuuza. Anayetaka kukodi miaka ishirini na kutengeneza ni wengi zaidi, ila hakuna anayewatangazia nyumba. Na mgao wa kodi kati ya warithi thelathini ni rahisi kukubaliana kuliko bei ya kuuza, kwa sababu hakuna anayehisi kwamba mwingine amemtoa kwa babu yake.

Arusha inaweza kusaidia kwa kazi ndogo. Cheti rahisi cha mpakani hakikuzilazimisha nchi zifanane kwa kila kitu. Kilikubaliana tu juu ya maswali gani yaulizwe na jibu liandikwe wapi. Itengenezwe karatasi ya namna hiyo kwa nyumba zilizo ndani ya maeneo ya hifadhi. Iseme ardhi ni ya nani na nyumba ni ya nani. Iseme kama ni wakfu, kama ni ya serikali, kama kuna mirathi isiyogawanywa na msimamizi ni nani. Itaje daraja la hifadhi la jengo, matumizi yanayoruhusiwa chini na juu, na notisi zozote ambazo hazijatekelezwa. Itolewe na ofisi moja, kwa ada inayojulikana, kwa Kiswahili, na raia yeyote wa nchi mwanachama aweze kuiomba akiwa Goma au Gulu. Ibara ya 15 haivunjwi kwa hilo hata kidogo, kwani kila nchi inabaki na sheria yake. Kinachobadilika ni kwamba sheria hiyo inaonekana kabla ya pesa kutoka. Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vimepiga kelele kuhusu vizuizi vya barabarani na mashine za kupimia uzito hadi vikasikika. Hili halijapigiwa kelele hata mara moja, pengine kwa sababu waliopoteza nyumba kwa jina la kukopa wanaona aibu kulisema.

Wakati tunasubiri, anayetaka nyumba mwaka huu ana kazi ya siku tatu au nne kabla ya kutoa arubuni. Aende mwenyewe kwa msajili kufanya upekuzi, asikubali kupigiwa picha ya karatasi kwa simu. Aende ofisi ya hifadhi na namba ya nyumba aulize faili lake, na afike kwa kamisheni ya wakfu kwa swali hilo hilo. Aketi barazani kwa jirani wa kushoto na wa kulia, kwa sababu wao wanajua nani hasa ni mwana wa nyumba ile na nani alikuja na funguo juzi. Amlipe fundi mzee wa chokaa, asiyetoka kwa dalali, apande darini na kuchoma kisu kwenye ncha za boriti, zile zinazoingia ukutani, hasa upande wa bafu na chini ya bomba la mvua. Kisu kikizama, kodi iteremke au matengenezo yaandikwe kwenye mkataba kwa jina la mwenye nyumba. Wakili wa kuuandika awe wa kwako, na malipo yote yapite benki kwa jina lako na lake, bila shemeji katikati.